Beseni la Mlangoni

Mliniomba niwaandikie kurasa chache za kumbukumbu, ninyi vijana watatu mlioingia kazi ya maktaba nilipotoka mimi. Mlikuja kwangu na mashati yaliyopigwa pasi, mkakaa kwenye viti vyangu vya plastiki, mkasema mnataka maneno ya mkubwa wa kazi mpate kuyatundika ukutani, karibu na picha za ufunguzi. Mmoja wenu, sitamtaja, akaniambia: “Mama Philo, utuandikie tu bitu bizuri-bizuri, bile bya kutia moyo.” Nikawapa chai, mkanywa, mkaaga vizuri. Mimi nikabaki na vikombe mkononi, na hasira ikanipanda hadi nikasahau kuviosha.

Hamkujua kwamba asubuhi ileile Odette, yule binti anayeosha mawe ya machimbo, alipita hapa kwangu akitoka kwenu. Aliwaomba kitabu cha kemia. Mkamwambia vitabu bado havijaingizwa kwenye kompyuta, arudi mwezi ujao. Akaomba basi akisome palepale ndani. Mkamwambia chumba cha kusomea kimewekwa kwa ajili ya wageni, na viti bado viko kwenye plastiki yake. Arudi mwezi ujao. Mwezi ujao, watoto wangu, ni mtihani wa Serikali, na Odette anaufanya kwa mara ya pili. Hiyo ndiyo sababu ya hasira yangu, na nimeiweka hapa juu ili msije mkasema bibi amezeeka, analalamika ovyo.

Basi someni. Mkitaka kutundika, tundikeni yote, na sehemu hii pia.

Aliyenifundisha kazi ni Tata Ferdinand. Ninyi mmesoma Lubumbashi, mna diploma, na mimi sina ugomvi na diploma. Nawaonea hata wivu kidogo. Tata Ferdinand alikuwa na koti la bluu la kazi lenye mifuko miwili, mmoja wa mkasi na mmoja wa karanga, na alikuwa na mdomo. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha kitabu hata kimoja. Alinisimamisha mlangoni, akasema: “Philo, usiangalie biatu bya mutu. Usiangalie nguo. Angalia paka mikono tu. Mikono njo itagusa kitabu.” Nilidhani ananitania. Nilisimama pale siku nzima nikiangalia mikono ya watu mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimepoteza pete.

Wakati ule maktaba ilikuwa bado ya makarani, walimu na watoto wa mafundi wa kampuni ya migodi. Baadaye mambo ya kampuni yakaharibika, watu wakaanza kuchimba wenyewe, na vijana wakamiminika Kolwezi kutoka Kasai, kutoka Sandoa, kutoka kaskazini mwa Katanga. Hawakuja kusoma, walikuja kutafuta maisha. Lakini mvua ikinyesha sana shimo haliingiliki, na mtu anayejua kusoma huchoka kukaa bure. Wakaanza kuja kwetu, wamekuja na matope yao yote. Mkubwa wetu wa wakati ule akabandika karatasi mlangoni: watu wa machimbo, wale ba-creuseur, hawaruhusiwi kuingia, wanachafua vitabu.

Tata Ferdinand hakuibandua ile karatasi. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alichofanya ni kuleta beseni la mke wake kutoka nyumbani, akalijaza maji, akaweka kipande cha sabuni kando, akaliweka palepale chini ya karatasi. Kijana akifika, ananawa hadi viwiko, anaingia. Mkubwa akaja juu.

“Ferdinand, haujue kusoma? Nilisema ba-creuseur habaingie.”

Tata Ferdinand akaangaza macho chumba kizima, msomaji kwa msomaji. “Chef, unioneshe ule mwenye kuchafuka, nimutoshe inje sasa hivi.”

Chef akaiangalia mikono yote ile juu ya meza, safi kuliko ya kwake, maana yeye alikuwa ametoka kula samaki. Akarudi ofisini. Karatasi ilibaki mlangoni hadi jua likaila maandishi yake, na beseni likabaki chini yake. Hivyo ndivyo maktaba ya Kolwezi ilivyopata wasomaji wake wengi kuliko wakati wowote, na hakuna aliyekata utepe wala kupiga picha.

Msifikiri tulipatia mara moja. Beseni tuliweka, taulo hatukufikiria. Wale vijana walinawa vizuri kabisa, wakaingia na mikono inayochuruzika, wakaikimbilia atlasi kubwa, kila mmoja anatafuta kwao. Wiki ilipokwisha Afrika ilikuwa imevimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na buluu ya Ziwa Tanganyika ilikuwa imehamia Zambia. Matope yasingetufanyia ubaya ule. Nilitaka kulia. Tata Ferdinand alicheka hadi akatafuta kiti. Kwa hiyo mkiandika jambo moja kutoka kwangu, andikeni hili: beseni, sabuni, na taulo kavu. Taulo ziwe mbili, kwa sababu moja iko juu ya kamba.

Na maji yakichafuka, badilisheni, lakini yaangalieni kwanza. Kwa rangi ya maji nilikuwa najua mtu ametoka wapi. Yakiwa mekundu, huyo ametembea tu kwa miguu barabarani. Yakiwa na ukijani, ameshika mawe ya shaba. Yakiwa meusi tititi, ametoka kwenye kobalti, na huyo usimwulize habari za nyumbani mpaka amekaa, kwa sababu amechoka. Hakuna kompyuta itakayowaambia hayo.

Gundi pia. Najua mnayo ile ya chupa kutoka dukani. Ikikauka inavunjika, na mgongo wa kitabu unavunjika pamoja nayo. Sisi tulipika ya unga wa muhogo, nyepesi kidogo kuliko uji, halafu tunatia pilipili ya unga. Mende wanapenda sana gundi ya muhogo, lakini ikiwa na pilipili wanahama mtaa. Shida yake ni kwamba tulikuwa na mwalimu mmoja mzee aliyezoea kulamba kidole kila anapofungua ukurasa. Tulimwambia mara nyingi aache, akatuona watoto. Siku moja akafungua kitabu kilichoshonwa upya, akalamba, akatulia, akalamba tena kuhakikisha, kisha akatoka nje kutafuta maji machozi yakimtoka. Tangu siku hiyo kila aliyekuwa na tabia ile tulimjua bila kumchunguza, na tabia yenyewe ikaisha.

Lakini nimeanza kucheka, na sikukaa kuandika ili nicheke. Niwaeleze sanduku la Musonoi, maana ugonjwa mlio nao ninyi niliuona huko kwanza.

Tulikuwa tunapeleka vitabu Musonoi, mtaa wa nje ya mji, kwenye sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, tumelifunga nyuma ya pikipiki ya taxi-moto. Mara ya kwanza tulilikabidhi kwa mkubwa wa mtaa, mtu mwema, Mkristo, aliyetupokea kwa mikono miwili. Tuliporudi baada ya muda kubadilisha vitabu, tulilikuta sanduku sebuleni kwake, limefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono na mke wake, na juu ya kitambaa televisheni, na juu ya televisheni maua ya plastiki. Akafunua kwa fahari. “Tata Ferdinand, Mama Philo, muangalie benyewe. Bitabu byenu byote biko. Hakuna hata mutu moya aligusa.”

Na kweli, hakuna aliyegusa. Hakuwa mwizi wala mjinga. Aliheshimu vitabu kama anavyoheshimu suti ya harusi, na suti ya harusi haivaliwi kwenda shambani. Tata Ferdinand alimshukuru sana, akasifu kitambaa, akanywa maji, kisha akaomba sanduku lihamie kwa mama mmoja anayekaanga mikate penye njia panda, eti sebule isije ikabanwa. Kwa mama wa mikate vitabu vilirudi na madoa ya mafuta kila ukurasa, na vingine vilirudi na majina ya watoto waliojifunza kuandika juu yake. Nilinung'unika, maana mafuta hayatoki. Tata Ferdinand akaniambia nishukuru, mafuta ndiyo yanayoonyesha wameishia ukurasa wa ngapi.

Odette nilimjulia kwenye sanduku lile. Wazazi wake walitoka kaskazini, watu wa kanisa la Kiprotestanti, na baba yake alikuwa karani wa reli kule Tenke. Baba alipofariki, Odette akaletwa Musonoi kwa shangazi yake, na shule ikakatika akiwa hajamaliza sekondari. Akaingia kwenye kazi ya kuosha mawe, siku nzima ndani ya maji yanayofika magotini, ameinama. Alisoma sanduku zima la Musonoi hadi likaisha, kisha akaanza kuja kwetu mjini kwa miguu.

Nilimwuliza siku moja kwa nini kila mara anaomba kemia, wakati wenzake wanataka hadithi za mapenzi na vitabu vya kupata viza. Akanijibu huku ananawa, na maji yake yalikuwa meusi tititi: “Mama Philo, ku maison d'achat, kwenye banatununulia mawe, kuko na mashine ya kupima mawe. Ule muntu anaangalia ku mashine, anasema, mama, jiwe yako iko mubaya. Mi naona na macho yangu iko muzuri. Lakini mi nitamujibu na nini? Siku moya mi njo nitakuwa nashika ile mashine.” Alitaka kupata diploma ya Serikali kama mtahiniwa wa nje, asiye na shule, kisha aende kusomea mambo ya maabara. Hakuwa na mtu wa kumnunulia kitabu. Alikuwa na kitabu chetu kimoja cha kemia, cha zamani, kikubwa, ambacho mgongo wake niliushona mimi mwenyewe na kuupaka gundi ya pilipili. Alikuwa akikikuta kwenye rafu ileile kila jioni.

Sasa tufike kwenye matengenezo.

Mnakumbuka ilivyotangazwa. Kampuni moja ya migodi, sitaitaja, iliamua kutufanyia maktaba ya kisasa, bibliothèque moderne kama walivyoiita. Tata Ferdinand alikuwa ameshazikwa, na mimi nilikuwa mwaka wangu wa mwisho. Mkurugenzi wetu mpya alifurahi hadi akanunua tai. Na mimi nilifurahi, msidhani nilikuwa mchawi wa maendeleo. Paa lilikuwa linavuja. Vikaja vioo, vikaja viti, vikaja vitabu vipya kwenye makatoni, vizuri, vinang'aa. Akaja pia mwanamke mmoja mwenye kazi ya kupamba, akavipanga vitabu vyote kwa rangi. Kwa rangi, watoto wangu. Vyekundu na vyekundu, buluu na buluu. Kitabu kipya cha kemia, kwa kuwa kina jalada jeupe na kijani, kikakaa kati ya mapishi ya mboga na maisha ya watakatifu.

Nikamwuliza kwa adabu: “Madame, mtu akitafuta kemia atakipataje?”

Akanijibu bila kugeuka kwamba ataona, ni cha kijani.

Halafu vile vya zamani, vyenye mgongo wa nyuzi na madoa ya mafuta, vikatolewa kwenye rafu kwa sababu havipendezi kwenye picha. Vikatiwa kwenye magunia. Nilipouliza vinapelekwa wapi, nikaambiwa vinahifadhiwa. Na asubuhi moja nilikuta beseni halipo. Mkurugenzi alikuwa amempa sentineli, mlinzi wetu, alibebe. “Maman Philo, bakubwa batakuya hapa. Beseni ku mulango ya bibliothèque moderne, ni haya.” Haya. Aliona haya kwa beseni, hakuona haya kwa kemia iliyolala na watakatifu.

Kisha milango ikafungwa kusubiri wakubwa. Wakubwa wakaahirisha. Tukafuta vumbi upya, tukasubiri, wakaahirisha tena. Vitabu vilikuwepo, viti vilikuwepo, mimi mfanyakazi nilikuwepo na nalipwa kukaa pale, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingia, eti asichafue kabla ya kufunguliwa. Odette alikuja kila jioni akitoka kwenye mawe. Alisimama nje ya vioo vile vipya, na kwa sababu vioo vilikuwa safi sana, alikuwa anakiona kitabu.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Sikwenda kumpaka mafuta, nilimwambia wazi: mtihani uko karibu, mpe binti kitabu kimoja, nitakisimamia mimi.

“Maman Philo, bitabu biko mu décor, ni mapambo. Ukitosha kimoya ku rafu, kunabakia tundu. Batu ba protocole balishapiga picha ya mbele.”

“Basi asomee ndani, akae na mimi.”

“Atachafua kiti.”

“Viti viko na plastiki.”

“Atachafua plastiki.”

Hapo nikajua sina mtu wa kuongea naye. Nilitoka nikaenda sokoni, maana mimi nikikasirika hununua karanga, tabia niliyorithi kwa Tata Ferdinand. Mama wa karanga akanipimia, akanisokotea karatasi, akanipa. Nilipokula kidogo, ndani ya karatasi nikaona viboksi vyenye herufi, vimepangwa mistari kwa mistari, lile jedwali la kemia. Nikageuza upande wa pili. Pembeni kulikuwa na doa la mafuta nililolijua kama ninavyolijua kovu la mwanangu. Kilikuwa kitabu changu. Nikamwaga karanga palepale chini.

“Mama, unamwanga karanga sababu ya nini?” yule muuzaji akaniuliza. “Njo karanga unanunua, ao karatasi?”

“Karatasi. Nipe zote. Ulizitoa wapi?”

“Ba-sentinelle baliniletea mu gunia. Balisema ni bya kutupa.” Akaniangalia vizuri, akaona sitanii. Hakunidai kitu, alinyanyua bati la karanga akanitolea fungu lote lililokuwa limebaki chini yake. “Chukua, mama. Pole. Mi sikujua kama bilikuwa na mwenyewe.”

Huyo simlaumu. Alikuwa na karanga za kufunga. Ninaowalaumu walikuwa na rafu tupu nyuma ya jengo na hawakuona tabu kutembea hadi sokoni na kitabu cha mtu mgongoni.

Mimi na Odette tulizipanga karatasi zile sakafuni kwangu. Tuliziweka kwa nambari, tukashona kilichowezekana. Mwanzo wa kitabu ulikuwepo. Mwisho ulikuwepo nusu. Katikati, sura zote za asidi na besi hazikuwepo; zilikuwa zimefungiwa karanga kwenye uwanja wa mpira na kutupwa. Odette akapitisha kidole penye pengo. “Kile kipya kiko na hii sehemu,” akasema. “Niliona ku kioo. Banakifungua kidogo pale juu, ile ukurasa njo inaonekana.” Yule mama wa mapambo alikuwa amekisimamisha wazi kidogo palepale kwenye rafu, kwa uzuri, na kilikuwa wazi kwenye sura ileile. Odette alijaribu kuisoma kutoka nje. Aliweza kusoma kichwa cha habari na picha, maandishi madogo hapana.

Alifanya mtihani. Alishindwa. Msiniulize alikosa swali gani, mnaweza kukisia, na hata kama si swali lile, nimeamua kuamini ni lile na hakuna atakayenitoa hapo. Alikuja kunipa habari akiwa na beseni lake la mawe kichwani, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba haikufaa. Akaniuliza maktaba itafunguliwa lini. Nililia mimi. Yeye alinishika bega, akasema atarudia, kisha akaenda kazini.

Wakubwa wakaja baada ya hapo, kama kawaida ya wakubwa. Siku chache kabla, mkurugenzi alifika hapa nyumbani kwa gari, akaketi kwenye kiti kilekile mlichokaa ninyi.

“Maman Philo, kampuni banataka batu ba communauté, batu ba mutaa, mu picha. Mwanamuke mwenye kusafisha mawe, mwenye kusoma. Kulikuwa ule binti yako, Odette. Aoge, avae kitenge ya muzuri, ashike kitabu. Itakuwa beau, muzuri kabisa.”

Sikumtukana. Mama yangu alinilea vizuri na mkurugenzi alikuwa mgeni kwangu. Nilisema nitamwambia. Nikamwambia Odette jinsi lilivyo, sikupunguza wala kutia chumvi: wanakutaka kwa picha. Alikamua nguo yake. “Nitakuya,” akasema. “Lakini sitatokea ku nyumba. Nitatokea ku mawe.”

Siku ya ufunguzi nilibeba beseni langu la nyumbani, jeupe lenye maua, na sabuni na taulo mbili, nikaviweka mlangoni karibu na utepe, nikajaza maji. Hakuna aliyenizuia, nilikuwa nimevaa kitenge cha sikukuu na walidhani ni jambo la protokoli. Hapo ndipo nilipopata kicheko changu cha mwisho kazini. Mkubwa wa kwanza alifika, akaona beseni na taulo, akadhani ni sehemu ya sherehe, akanawa. Wa pili akamwona wa kwanza, akanawa. Wakapanga mstari na suti zao, mmoja mmoja, wanainama wananawa, na mpiga picha anapiga. Mkurugenzi naye akanawa, hakuwa na la kufanya. Walipokwisha wote, maji yalikuwa meupe kama yalivyokuja. Mikono ile haikuwa imeshika kitu.

Kisha Odette akafika. Alitembea kutoka kwenye mawe na nguo yake ya kazi, imelowa hadi kiunoni, mikono myeusi hadi juu ya viwiko. Sentineli akanyoosha fimbo. Nikamwambia: “Muache. Ni huyu banamutaka mu picha.” Fimbo ikashuka. Odette akasimama mbele ya beseni kama alivyofanya kila jioni, akakunja mikono ya nguo, akainama kidogo. Halafu akaniangalia.

Maisha yangu yote ya kazi nimewaambia watu: nawa kwanza. Nimewarudisha wachimbaji wenye nguvu mara mbili yangu. Nimemrudisha padri. Mwanangu mwenyewe nimemrudisha mlangoni akilia. Siku ile, vijana wangu, nilimtikisia Odette kichwa. Pita hivyohivyo.

Akapita. Wakubwa wakampisha, maana suti hazipendi matope. Akaenda moja kwa moja kwenye kijani, kati ya mboga na watakatifu, akakitoa kitabu, akafungua sura ya asidi na besi, akasoma amesimama. Alisoma kweli, midomo ikitembea, na mpiga picha akafurahi sana. Baada ya kurasa chache akainua kichwa, akamwuliza mkurugenzi mbele ya watu wote: “Tata Directeur, naweza kuenda nayo ku nyumba? Nitarudisha.”

Mkurugenzi akatabasamu kwa ajili ya picha. “Après, mama. Après.” Eti baadaye.

Odette akakifunga, akakirudisha mahali pake, akatoka. Juu ya jalada jeupe zikabaki alama za vidole vyake, vinne mbele na kidole gumba nyuma, kwa rangi nyeusi. Wageni walipoondoka mkurugenzi alichukua kitambaa kibichi, akasugua kwa nguvu. Matope ya kobalti hayasuguliwi kwa maji, yanaachwa yakauke, halafu yanapigwa polepole kwa brashi. Nilikuwa nimesimama pale na najua hivyo, nikamwacha asugue. Alama zikazama ndani ya karatasi, na haziwezi kutoka tena.

Mimi nilistaafu. Mkurugenzi alipandishwa cheo, mkaja ninyi. Nasikia kile kitabu mmekigeuza, jalada ukutani, ili wageni wasione vidole. Hamkuanza nyinyi, najua, na plastiki kwenye viti mliikuta. Lakini plastiki inatolewa kwa mikono, na mikono mnayo. Kumbukumbu mlizoomba ndizo hizi, na hakuna ndani yake siku hata moja ambapo kitabu kilimfaa mtu kikiwa ndani ya kioo.

Jumatatu Odette atakuja. Nimemwambia aje jioni, akitoka kwenye mawe, kama zamani. Beseni nitalileta mimi mapema, lile jeupe lenye maua, na taulo mbili, na safari hii atanawa, kwa sababu anakuja kusoma. Maji yatakuwa meusi. Msiyamwage mbele yake kama uchafu, muyapeleke nyuma kwa utaratibu. Asiwaombe kitu, mnajua anachotaka. Kigeuzeni kile kitabu, ni kile chenye vidole, hamtakikosea. Andikeni jina lake kwenye kadi kwa peni, kompyuta itakuja kujua baadaye, kisha mfungulieni mlango akitoka nacho, kwa sababu mikono yake yote miwili itakuwa na kazi.